Kamera na Fagia: Hesabu ya Gesi Joto Inayokatizwa Bandarini

Mijadala kuhusu mazingira nchini Kenya imezoea njia chache zilizokwisha kukanyagwa sana. Hutajwa Msitu wa Mau, hutajwa moshi wa magari na uchomaji wa makaa, kisha mjadala hufungwa. Nguo hazitajwi, au zikitajwa hutajwa kama suala la ajira na ushuru. Kimya hiki kinashangaza kwa sababu mbili. Kwanza, utengenezaji wa nguo ni miongoni mwa shughuli za viwanda zinazotoa gesi joto kwa wingi duniani. Pili, eneo la kati la Bonde la Ufa, na hasa jiji la Nakuru, lina mambo mawili yasiyopatikana pamoja katika miji mingi: mvuke wa ardhini unaoweza kuchemshia maji ya kiwanda cha nguo bila kuni wala mafuta, na jaa la taka ambamo nguo zilizovaliwa na mataifa mengine huishia. Yote mawili yako Menengai: mvuke ndani ya kreta, jaa la Gioto kwenye mteremko wa nje.

Makala haya yanashikilia kwamba hesabu ya gesi joto zinazotokana na nguo hukatizwa kabla haijafika Nakuru, na kwamba wanaofaidika na ukatizaji huo si wakazi wa Nakuru.

Ni vyema kuanza na chanzo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 na shirika la Global Fashion Agenda kwa ushirikiano na kampuni ya McKinsey ilikadiria kwamba mwaka 2018 sekta ya mavazi na viatu ulimwenguni ilitoa gesi joto zinazolingana na tani bilioni 2.1 za hewa ya ukaa, yaani takriban asilimia 4 ya gesi joto zote zilizotolewa duniani mwaka huo. Wapo wanaotaja kiwango cha chini ya hicho na wapo wanaotaja cha juu. Wasichobishania sana ni mahali gesi hizo zinapotoka. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, takriban asilimia 70 hutoka katika hatua za mwanzo: katika kulima pamba kwa mbolea za viwandani, katika kugeuza mafuta ya petroli kuwa nyuzi za poliesta, katika kusokota na kufuma, na katika kutia rangi, kazi inayohitaji maji mengi ya moto. Moto huo, katika nchi nyingi zinazotengeneza nguo za dunia, ni wa makaa ya mawe. Usafiri wa meli, ambao ndio humjia mtu akilini kwanza awazapo nguo zinazovuka bahari, ni sehemu ndogo mno ya hesabu hiyo.

Hapa ndipo mtumba unapopata utetezi wake, na utetezi huo una uzito. Ikiwa gharama kubwa ya nguo kwa angahewa imekwisha kutokea kiwandani, basi kila mwaka nguo hiyo inapoongezewa maisha huenda ukawa mwaka ambao nguo mpya haitengenezwi. Koti lililoachwa na mtu wa Leeds baada ya miezi minane, likavaliwa na mkulima wa Molo kwa miaka sita katika baridi ya kule, ni koti lililotimiza wajibu wake. Wanaoliwezesha jambo hilo ni msururu wa watu ambao hawaitwi popote wahifadhi wa mazingira: mchukuzi wa robota, mchuuzi anayelifungua alfajiri, mama anayepiga pasi nguo kibandani, na fundi wa cherehani anayepunguza kiuno, anayebadilisha zipu na kugeuza suruali ya mtu mzima kuwa kaptura ya mtoto wa shule. Katika miji tajiri zipu ikikatika suruali hutupwa. Nakuru zipu ikikatika hutafutwa fundi. Anayewatwika wachuuzi wa mitumba lawama za uchafuzi anamlaumu mganga kwa kuwapo kwa maradhi.

Lakini utetezi huo huzungumza juu ya nguo moja, ile iliyo njema. Robota halina nguo moja, wala wasemaji wa Kiswahili hawajawahi kudhani kuwa linayo. Neno lenyewe, mtumba, asili yake ni mzigo uliofungwa. Ni jina la kifurushi lililokuja kuwa jina la kilichomo. Nchini Tanzania nguo hizo ziliwahi kuitwa kafa Ulaya, kana kwamba kila koti lina marehemu wake. Katika masoko ya Kenya wachuuzi wamekwenda mbele zaidi, wakaunda istilahi za madaraja. Kamera ni nguo ya daraja la kwanza, isiyo na doa, inayochaguliwa pindi robota linapofunguliwa. Chini yake zipo nguo za bei ya kati. Mwisho kabisa ipo fagia: iliyochanika, iliyopauka, yenye madoa, ile ambayo jina lake linaeleza kinachofanyiwa. Istilahi hizi hazimo katika kamusi nyingi, na wanaisimu wangefanya vyema kuzikusanya kabla hazijapotea, ila umuhimu wake hapa ni mwingine. Lugha ya sokoni inatambua kwamba robota moja lina mali na lina taka. Hesabu rasmi za kaboni hazitambui. Kwazo, robota ni kilo 45 za nguo zilizopata mvaaji mpya.

Idadi ya marobota hayo si ndogo. Utafiti wa Taasisi ya Masuala ya Uchumi (IEA) ya Nairobi, uliotolewa mwaka 2021 kwa ushirikiano na muungano wa wafanyabiashara wa mitumba, ulionyesha kuwa Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba mwaka 2019. Kwa robota la kilo 45, hayo ni zaidi ya marobota milioni 4 kwa mwaka mmoja. Ni kiasi gani cha hayo ni fagia? Hapa pana ugomvi. Mwaka 2023 shirika la Changing Markets lilitoa ripoti iliyodai kwamba zaidi ya nguo moja katika kila tatu zinazotumwa Kenya imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki na ni duni kiasi cha kuwa taka tangu ifikapo. Wafanyabiashara waliipinga ripoti hiyo vikali, wakiuliza ni mfanyabiashara gani angetoa fedha zake kununua taka. Swali lao ni la haki, ingawa jibu linajulikana na kila mchuuzi: robota hununuliwa likiwa limefungwa. Anayelinunua hulipia matumaini ya kamera na kupewa fagia ndani yake. Hata ikichukuliwa kwamba pande zote mbili zimetia chumvi, na kwamba sehemu isiyouzika ni moja tu ya kumi, hizo bado ni tani 18,500 kwa mwaka, na lazima ziende mahali.

Katika Nakuru, mahali hapo ni Gioto. Kwa miongo kadhaa jaa hilo lililo upande wa mtaa wa London limepokea taka za mji ambao tangu Desemba 2021 ni jiji. Nguo hazifiki huko peke yake. Huchanganyika na mabaki ya vyakula, plastiki na vyuma, na wapo watu wanaoishi kwa kuyachambua hayo yote kwa mikono. Kinachotokea baadaye hutegemea aina ya uzi. Pamba na sufu zikifukiwa mahali pasipo na hewa huoza na kutoa methani, gesi ambayo uwezo wake wa kuhifadhi joto unaipita hewa ya ukaa mara nyingi. Poliesta haiozi. Hukaa, au huchomwa, na ikichomwa hewa ya ukaa inayotoka ni ile iliyokuwa imelala ardhini ikiwa mafuta ya petroli, pamoja na moshi ambao wakazi wa karibu ndio wanaouvuta. Mvua inyeshapo juu ya Menengai, maji huteremka kuelekea mjini na hatimaye katika Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto unaotoka. Kilichoingia humo hakina pa kwenda. Ziwa hilo limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 1990.

Ziwa hilohilo limetoa funzo jingine. Tangu takriban mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifurika: Nakuru, Naivasha, Baringo, Bogoria. Ripoti ya serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilieleza kwamba zaidi ya kaya 75,000 ziliathirika, na ikataja ongezeko la mvua linalohusishwa na mabadiliko ya tabianchi kuwa miongoni mwa sababu, sambamba na mmomonyoko wa udongo kutoka nyanda za juu. Familia za Mwariki na Barut ambazo nyumba zao zilimezwa na maji hazikuendesha viwanda vya poliesta. Kenya nzima hutoa sehemu ndogo mno ya gesi joto za dunia.

Sasa irudiwe hesabu. Katika Ulaya, faida ya nguo iliyotumika tena hupimwa kwa kukadiria ni nguo ngapi mpya zisizonunuliwa kwa sababu yake. Mkazi wa Njoro anaponunua sweta la mtumba, hudhaniwa kwamba sehemu fulani ya sweta jipya imeokolewa, na gesi zake kuepukwa. Dhana hiyo ni nzuri ikiwa mkazi huyo angenunua jipya. Kama asingeweza, basi alichopata ni joto mwilini, jambo jema lisilohitaji ushahidi wa kaboni, lakini angahewa haikuokoa kitu. Na kwa fagia dhana hiyo huporomoka kabisa. Shati lisilovaliwa na mtu halikuchukua nafasi ya shati lolote. Hata hivyo shati hilo lilipopakiwa melini liliondoka katika vitabu vya taka vya nchi lilikotoka, likaingia katika vitabu vya matumizi tena. Shirika la Mazingira la Ulaya lilieleza mwaka 2023 kwamba nguo kuukuu zinazosafirishwa nje ya Umoja wa Ulaya ziliongezeka kutoka takriban tani 550,000 mwaka 2000 hadi karibu tani milioni 1.7 mwaka 2019, na kwamba asilimia 46 ya hizo za 2019 zilielekea Afrika. Shirika hilo lenyewe lilikiri kuwa hatima ya nguo hizo haijulikani kwa uhakika. Haijulikani Copenhagen, yaliko makao yake, Gioto inajulikana.

Kuna wanaodhani kwamba dawa ni kufunga mlango. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijaribu. Mwaka 2016 viongozi wake waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua kufikia 2019. Marekani ikatishia kuyaondoa mataifa hayo katika mpango wa AGOA, Kenya ikajitoa katika azimio mwaka 2017, na Rwanda iliyobaki na msimamo wake ikasimamishiwa nafuu ya kuuza mavazi mwaka 2018. Kenya ilipopiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa muda mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, marufuku hayo yalidumu kuanzia Machi hadi Agosti pekee. Ni vigumu kuona jinsi angahewa ingefaidika iwapo nafasi ya kamera ingechukuliwa na nguo mpya za poliesta za bei ya chini kutoka ng'ambo, ambazo tayari zimejaa madukani. Marufuku humwadhibu mchuuzi na kumwacha mtengenezaji.

Njia iliyo bora iko katika sheria ambazo Ulaya yenyewe imezitunga. Ufaransa ilianza mwaka 2007 kuwatoza watengenezaji na wauzaji wa nguo ada ya kugharimia ukusanyaji na uchambuzi wa nguo zinazoachwa. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha sharti la namna hiyo kwa nchi zote wanachama. Kanuni ni rahisi: aliyeileta nguo duniani alipe gharama ya kuiondoa. Kenya nayo, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, imeikubali kanuni hiyohiyo. Kasoro ni kwamba ada ya Ulaya hulipwa Ulaya na hutumika Ulaya, ilhali nguo husafiri. Shati likitozwa ada Paris na kuishia Gioto, fedha za kulizika zimebaki Paris. Sheria ya Kenya kwa upande wake inamfikia aingizaye bidhaa nchini, yaani kiungo kilicho karibu na mwisho wa mnyororo na chenye faida finyu kuliko vyote vilivyotangulia. Ada ifuate nguo. Robota likivuka bahari, sehemu ya fedha iliyotozwa kwa ajili ya mwisho wa nguo hizo ivuke nayo, na fagia ichambuliwe ibaki ilikotoka.

Huenda ikaulizwa fedha hizo zingefanya nini Nakuru zaidi ya kuchimba jaa jingine. Hapa ndipo Menengai inaporudi katika mjadala kwa upande wake wa pili. Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi (GDC) ilianza kuchimba visima ndani ya kreta hiyo mwaka 2011, na mtambo wa kwanza wa biashara, wenye uwezo wa megawati 35, ulianza kuzalisha umeme mwaka 2023. Huko Olkaria, katika kaunti iyo hiyo, umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981. Ndiyo maana takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na nishati jadidifu. (Treni ya mizigo inayofika bandari kavu ya Naivasha, jirani na Olkaria, huendeshwa kwa dizeli, wapangaji wa reli wana maswali yao ya kujibu.)

Kiwanda cha nguo hata hivyo hakihitaji umeme tu. Kinahitaji joto. Pamba hutiwa rangi katika maji ya nyuzijoto zipatazo 60 hadi 95, na poliesta katika nyuzijoto karibu 130 chini ya kanieneo. Joto hilo kwa kawaida hutoka katika tanuri la kuni au mafuta mazito, hata pale umeme unapokuwa safi. Mvuke wa ardhini unaweza kulitoa moja kwa moja. Jambo hili si ndoto. Kiwanda cha sufu cha Álafoss nchini Iceland, kilichoanzishwa mwaka 1896, kilitumia maji moto yatokayo ardhini. Shamba la maua la Oserian huko Naivasha limetumia jotoardhi kupasha vibanda vyake joto tangu mwaka 2003. Na Menengai kwenyewe GDC ilianzisha mwaka 2015 miradi ya maonyesho: kibanda cha mimea, mabwawa ya samaki, mtambo wa kutokosa maziwa, na mashine za kufulia na kukausha nguo kwa joto la kisima. Mashine za dobi, basi, zipo tayari. Zilijengwa ziwe mfano, na mfano hujengwa ili ufuatwe.

Wala si kwamba eneo hili halijui nguo. Kiwanda cha Rivatex mjini Eldoret, kilichoanzishwa miaka ya 1970, kilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya masoko kuachwa huru, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufunguliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mitambo mipya. Nakuru yenyewe ina kiwanda cha Bedi Investments. Pamba hulimwa Baringo na Bonde la Kerio, kwa uchache ukilinganishwa na zamani. Mara nyingi viwanda hivi hutetewa kwa hoja ya uzalendo, hoja ambayo mnunuzi mwenye shilingi mia mbili mfukoni haimshiki. Hoja ya joto ina nguvu zaidi: kitambaa kilichotiwa rangi kwa mvuke wa Menengai kingekuwa na deni dogo la kaboni kuliko kile kilichotiwa rangi kwa makaa ya mawe, na wanunuzi wa Ulaya wanaodai kujali mambo hayo wangelazimika kuchagua. Vivyo hivyo kituo cha kuchambua, kufua na kurejeleza nguo za mitumba kilichojengwa kando ya visima hivyo kingeipa fagia matumizi mengine, kuanzia matambara ya gereji hadi ujazo wa magodoro, na kuwapa wachambuzi wa Gioto kazi yenye paa na glavu.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Jotoardhi si nishati isiyo na lawama. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa Olkaria kupisha mitambo, na malalamiko yao yalifika hadi kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Mradi wowote wa mvuke unaojiita wa haki kwa tabianchi utapimwa pia kwa namna unavyowatendea wanaoishi juu ya mvuke huo.

Sheria ya Ulaya ilianza kutumika Oktoba 2025, na nchi wanachama zilipewa miezi 30 kuunda mifumo ya kukusanya ada. Muda huo unaisha Aprili 2028. Katika kipindi hicho kitaamuliwa ni nani atakayelipwa, kwa kazi gani, na kazi hiyo itahesabiwa kuwa imeishia wapi. Serikali ya Kaunti ya Nakuru haijazuiwa na yeyote kupima marobota yanayofunguliwa katika masoko yake, kamera kando na fagia kando, kwa mizani na daftari, na kuyapeleka matokeo Nairobi na Brussels kabla ya tarehe hiyo. Wachuuzi wanaojua kupambanua daraja kwa kugusa kitambaa gizani alfajiri wapo, na wangeifanya kazi hiyo kwa wiki chache.